Ute wa Tumbo na Sukari Zake: Historia ya Uchunguzi

Utando wa ndani wa tumbo la binadamu umefunikwa na ute mzito unaoteleza, ambao unene wake kwa kawaida haufiki milimita moja. Upande mmoja wa ute huo kuna juisi ya tumbo, yenye asidi kali na kimeng'enya cha pepsini kinachokatakata protini za nyama. Upande wa pili kuna seli hai, nazo zimejengwa kwa protini za aina ileile. Sehemu kubwa ya ute ni maji. Kinachoyashika maji hayo yasitiririke ni musini, yaani molekuli ndefu za protini zilizovikwa minyororo mingi ya sukari. Katika musini ya tumbo, sukari huchukua zaidi ya nusu ya uzito, na protini hubaki kuwa uti wa kuishikilia.

Ilichukua zaidi ya miaka 200 kuujua ukweli huu. Swali la kwanza liliulizwa na mpasuaji aliyekuwa akifungua maiti katika karne ya 18. Jibu la kuridhisha halikutoka kwa waliochunguza tumbo peke yao. Sehemu kubwa ilitoka kwa watu waliotaka kuelewa kwa nini damu ya mtu mmoja hushikamana vibonge inapochanganywa na ya mwingine. Damu, mate na tumbo, vitu vilivyosomwa kwa muda mrefu kana kwamba havihusiani, viligundulika kuwa na sukari zilezile.

Kwa nini tumbo halijimeng'enyi

Hadi katikati ya karne ya 18 wasomi wa Ulaya walibishana kama chakula tumboni husagwa, hupikwa kwa joto la mwili au huoza tu. Mwaka 1752 Mfaransa René-Antoine Ferchault de Réaumur alichapisha majaribio yaliyosogeza mbele mjadala huo. Alimfuga mwewe, ndege anayetapika vitu asivyoweza kuvimeng'enya, akamlisha vijibomba vya chuma vyenye vipande vya nyama ndani. Vijibomba vilipotapikwa, chuma kilikuwa kizima lakini nyama ilikuwa imelika. Chuma kilizuia nyama isisagwe, kwa hiyo ilibidi pawe na majimaji yanayoiyeyusha. Mtaliano Lazzaro Spallanzani aliendeleza kazi hiyo kwa wanyama wengi na kwa mwili wake mwenyewe, akimeza vifuko vya kitambaa vyenye chakula. Alionyesha pia kuwa juisi ya tumbo huyeyusha nyama hata nje ya mwili, mradi iwekwe penye joto.

Mwaka 1772 John Hunter, mpasuaji mashuhuri wa London, alichapisha jambo aliloliona katika maiti. Baadhi ya watu waliokufa ghafla wakiwa wazima walikutwa na ukuta wa tumbo uliolainika au kutoboka, kana kwamba umemeng'enywa. Hunter aliamua kwamba ndivyo ilivyokuwa: juisi inayoyeyusha nyama ya ng'ombe huyeyusha pia tumbo la mwenye nayo mara uhai unapotoka. Basi ni nini huizuia mtu anapokuwa hai? Hunter alijibu kuwa kinga ni uhai wenyewe. Kiungo chenye uhai hakiwezi kumeng'enywa.

Ukali wa juisi hiyo ulizidi kufahamika miaka iliyofuata. Daktari Mwingereza William Prout alithibitisha mwaka 1824 kuwa asidi ya tumbo ni hidrokloriki, asidi ileile iliyotumika viwandani. Mwaka 1836 Mjerumani Theodor Schwann alipata kutoka tumboni kitu kinachovunja protini, akakiita pepsini.

Aliyeuona ute kwa makini katika tumbo hai alikuwa William Beaumont, mganga wa jeshi la Marekani. Mwezi Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac, kijana Mkanada aliyefanya kazi katika biashara ya ngozi za wanyama, Alexis St. Martin, alipigwa risasi kwa bahati mbaya. Alipona, lakini tundu la kuingia tumboni halikuziba. Kwa miaka kadhaa Beaumont alitumbukiza chakula kilichofungwa kwa uzi, akachota juisi na kutazama ukuta wa tumbo kupitia tundu hilo. St. Martin alikuwa maskini asiyejua kusoma, aliyefungwa kwa mkataba, na aliyavumilia majaribio mengi ambayo hayakuwa na faida kwake. Elimu iliyopatikana inadaiwa kwake kama inavyodaiwa kwa daktari. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1833, Beaumont alieleza kuwa utando wa ndani una rangi ya waridi iliyopauka na umefunikwa na ute mwembamba, mwangavu na wenye kunata.

Maelezo ya Hunter yalivunjwa na Mfaransa Claude Bernard. Katikati ya karne ya 19 alipitisha mguu wa chura hai katika tundu lililotengenezwa kwenye tumbo la mbwa. Mguu ulimeng'enywa huku chura akiwa bado hai. Mwingereza Frederick Pavy alipata matokeo kama hayo kwa sikio la sungura. Uhai peke yake haukutosha kuwa kinga. Pavy aliona kuwa damu, ambayo si ya asidi, ndiyo inayozimua asidi inapopenya ukutani. Bernard aliielekeza hoja kwenye tabaka la juu la tumbo, yaani seli za uso na ute wake, tabaka ambalo hulika na kuumbwa upya bila kukoma. Hoja ya Bernard ndiyo iliyokuja kuwa na nguvu zaidi, ila wakati huo hapakuwa na aliyejua ute umeundwa kwa nini.

Sukari yapatikana ndani ya ute

Wakemia wa karne ya 19 walikuta ute ni kitu kigumu kufanyia kazi. Hauyeyuki vizuri, hauchujiki na hauundi fuwele. Hata hivyo mwaka 1865 Eichwald alionyesha kuwa musini ina protini na pia sehemu yenye tabia za sukari, zote mbili zikiwa zimeungana katika kitu kimoja. Katika mji wa Uppsala, Mswidi Olof Hammarsten alitumia miaka mingi kutenganisha aina mbalimbali za musini na kuimarisha wazo hilo.

Sukari zenyewe zilijulikana moja baada ya nyingine, tena mara nyingi kutoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1876 Georg Ledderhose alipata glukosamini kwa kuchemsha magamba ya kambamti ndani ya asidi. Baadaye sukari hiyo ikapatikana katika ute wa binadamu. Fukosi ilijulikana kwanza kutoka mwani wa kahawia. Mwaka 1936 Gunnar Blix, pia wa Uppsala, alitenga kutoka musini ya mate ya ng'ombe kitu chenye asidi ambacho baadaye kiliitwa asidi ya siali. Leo inafahamika kuwa minyororo ya musini ya tumbo hutumia sukari chache tu: galaktosi, fukosi, asidi ya siali, na sukari mbili zenye naitrojeni, N-asetilglukosamini na N-asetilgalaktosamini.

Kujua majina ya sukari hakukutosha. Protini ni mnyororo mmoja ulionyooka, na mpangilio wake umeandikwa katika jeni. Mnyororo wa sukari haunakiliwi kutoka maandishi yoyote. Huongezwa kiungo kimoja kimoja na vimeng'enya ndani ya seli, huweza kugawanyika matawi, na sukari mbili zilezile huweza kuungana kwa njia kadhaa tofauti. Sampuli moja ya ute huwa na minyororo mingi isiyofanana. Kwa vifaa vya mwanzoni mwa karne ya 20, kuupata mpangilio wake ilikuwa kazi isiyowezekana. Njia ilifunguliwa na somo jingine kabisa.

Msaada kutoka kwenye damu

Kati ya mwaka 1900 na 1901 Karl Landsteiner, akiwa Vienna, aligundua kuwa damu za watu hugawanyika katika makundi, ambayo sasa huitwa A, B na O. Kundi la AB liliongezwa mwaka uliofuata. Damu ya kundi moja ikikutana na majimaji ya damu ya kundi lisilopatana nalo, chembe nyekundu hushikamana vibonge. Juu ya chembe hizo palikuwa na alama fulani iliyotambuliwa na kingamwili. Hakuna aliyejua alama hiyo ni kemikali gani, na kwenye damu ilikuwa ndogo mno kuchunguzwa.

Katika miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930 iligunduliwa kuwa alama hizohizo zimo katika mate na katika juisi ya tumbo, tena kwa wingi kuliko katika damu. Mwaka 1932 Fritz Schiff na Sasaki walionyesha kuwa watu wengi hutoa alama za kundi lao la damu katika ute wao, ilhali wengine hawazitoi, na kwamba tofauti hiyo hurithiwa. Miongoni mwa watu wa asili ya Ulaya takriban asilimia 80 ni wa aina ya kwanza.

Ute wa tumbo ukageuka ghafla kuwa mali ghafi yenye thamani. Landsteiner mwenyewe, akiwa sasa New York, alichunguza dutu ya kundi A iliyopatikana katika pepsini ya dukani na musini ya tumbo la nguruwe. Ernest Witebsky na Niels Klendshoj, waliofanya kazi Buffalo, walitenga dutu ya kundi B kutoka juisi ya tumbo la binadamu mwaka 1940. Kazi hiyo ilipata matumizi ya haraka wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Damu ya kundi O ilikuwa ikipewa majeruhi wa makundi yote, lakini ilikuwa na kingamwili zinazoweza kumdhuru mpokeaji. Ikiongezwa dutu za A na B zilizotolewa katika matumbo ya wanyama, kingamwili hizo zilishikwa na dutu hizo badala ya kuishambulia damu ya mgonjwa.

Fumbo la alama lilifumbuliwa hasa katika Taasisi ya Lister, London, na Walter Morgan pamoja na Winifred Watkins. Walihitaji kiasi kikubwa cha dutu safi ya binadamu, wakaipata katika majimaji ya uvimbe wa ovari, ambayo ni ute wenye musini nyingi sana. Mwaka 1952 walifanya jaribio rahisi lenye matokeo makubwa. Majimaji ya damu ya samaki aina ya mkunga hushikamanisha chembe za kundi O. Watkins na Morgan waliyachanganya kwanza na sukari mbalimbali, moja baada ya nyingine, kisha wakatazama kama bado yanafanya kazi. Fukosi iliyazuia. Sehemu ya alama iliyokuwa ikitambuliwa ilikuwa, basi, fukosi. Kwa njia hiyohiyo ilibainika kuwa kundi A hutambulika kwa N-asetilgalaktosamini, na kundi B kwa galaktosi. Huko New York, Elvin Kabat wa Chuo Kikuu cha Columbia alifikia hitimisho linalolingana na hilo kwa kutumia musini za binadamu na za wanyama.

Picha iliyotokea miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa ya kushangaza kwa wepesi wake. Watu karibu wote huunda mnyororo wa msingi unaoishia na galaktosi iliyobeba fukosi. Anayeishia hapo ni mtu wa kundi O. Mtu wa kundi A huongeza sukari moja, N-asetilgalaktosamini. Mtu wa kundi B huongeza galaktosi. Tofauti inayoweza kumuua mgonjwa anayepewa damu isiyomfaa ni sukari moja tu mwishoni mwa mnyororo. Fukosi ya pili ikiongezwa mahali maalumu karibu na ile ya kwanza, hupatikana alama inayoitwa Lewis b, ambayo baadaye ilikuja kuwa muhimu katika historia ya vidonda vya tumbo. Jeni la makundi ya ABO lilitambuliwa kwa kina mwaka 1990, na lile linaloamua kama alama hizo zitaonekana katika ute, linaloitwa FUT2, mwaka 1995.

Ute wapewa heshima yake

Wakati wakemia wakihesabu sukari, madaktari waliona jambo hospitalini. Mwaka 1953 Ian Aird na wenzake nchini Uingereza walionyesha kuwa saratani ya tumbo huwapata watu wa kundi A kwa wingi kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka uliofuata walionyesha kuwa vidonda vya tumbo huwapata zaidi watu wa kundi O. Mwaka 1956 Cyril Clarke na wenzake wa Liverpool waliongeza kuwa watu wasiotoa alama za damu katika ute wao wako hatarini zaidi kupata vidonda vya duodeni, sehemu ya utumbo inayopokea chakula kutoka tumboni. Kwa miaka karibu 40 hakuna aliyeweza kueleza kwa nini.

Swali la Hunter nalo lilirudi mezani. Mwaka 1959 Norman Heatley wa Oxford, mwanakemia ambaye ustadi wake ulisaidia sana kuifanya penisilini iwe dawa, alitoa wazo ambalo bado linasimama. Ute peke yake hauwezi kuzuia asidi, kwa sababu chembe za asidi ni ndogo mno na hupenya. Lakini ute hutuliza maji yaliyo karibu na ukuta yasikorogeke. Seli za chini zikitoa bikaboneti kidogo ndani ya maji hayo tulivu, asidi inayopenya taratibu hukutana nayo na kuzimuliwa kabla ya kufika kwenye seli.

Katika miaka ya 1970 Gunnar Flemström wa Uppsala alithibitisha kuwa utando wa tumbo kweli hutoa bikaboneti. Adrian Allen wa Newcastle alionyesha kuwa ute hushikamana kwa sababu musini zake zimeunganishwa kuwa molekuli kubwa sana. Pepsini inapozikata vipande, ute hupoteza uzito na kuwa majimaji. Mwaka 1981 Williams na Turnberg walipima kwa elektrodi nyembamba mno zilizopenyezwa ndani ya ute. Kwa upande wa chakula asidi ilikuwa kali, pH ya karibu 2 au chini yake. Kwa upande wa seli, chini ya milimita moja kutoka hapo, pH ilikaribia 7, sawa na maji safi. Ndani ya umbali wa unene wa kadi chache ukali wa asidi ulikuwa umepungua mara maelfu mengi.

Kazi ya sukari katika kinga hiyo ilieleweka vyema jeni za musini zilipotambuliwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Tumbo la binadamu hutumia musini kuu mbili. MUC5AC hutolewa na seli za uso, na MUC6 hutolewa na tezi zilizo chini zaidi. Uti wa kila moja una sehemu ndefu zilizojaa amino asidi za serini na threonini, na kwenye hizo hushikizwa minyororo ya sukari kwa mamia. Minyororo hiyo husimama pande zote kama nywele za brashi ya kuoshea chupa. Hufanya mambo matatu kwa pamoja. Huuzuia uti wa protini usijikunje, hivyo molekuli hubaki ndefu na kuenea. Hushika maji mengi, na hapo ndipo ute hupata uzito na utelezi wake. Tena huufunika uti wa protini, pepsini isipate mahali pa kukata. Pepsini hufaulu tu kwenye sehemu chache zisizo na sukari, na hufanya hivyo pole pole kutoka upande wa juu wa ute, wakati seli zinatoa ute mpya chini. Tumbo hujilinda kwa kupoteza na kujaza tena, saa zote.

Ufahamu huu ulieleza pia madhara ya dawa zinazotumika kila siku. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kuwa aspirini huzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Katika tumbo, kemikali hizo ndizo zinazochochea utoaji wa ute na bikaboneti. Mtu anayemeza aspirini au dawa nyingine za maumivu za jamii hiyo kwa muda mrefu hupunguza kinga hiyo, na hiyo ni sababu kubwa ya vidonda na kutokwa damu tumboni.

Bakteria anayezisoma sukari

Mwaka 1893 Mtaliano Giulio Bizzozero aliona bakteria waliojipinda ndani ya tumbo la mbwa. Wengine waliwaona kwa binadamu baadaye. Lakini mwaka 1954 Eddy Palmer, daktari wa Marekani, alichunguza vipande vya tumbo kutoka kwa watu zaidi ya 1,000 bila kuwapata, na wengi wakakubali kuwa hakuna kiumbe kinachoishi katika asidi ile. Kosa lilikuwa kusahau ute. Bakteria hao hawaishi katika asidi. Huishi ndani ya ute, upande ambao asidi imekwisha kuzimuliwa.

Mwaka 1979 Robin Warren, mtaalamu wa magonjwa katika Hospitali ya Royal Perth nchini Australia, aliwaona tena katika vipande vya tumbo vilivyovimba. Akiwa na daktari kijana, Barry Marshall, walifaulu kuwaotesha mwaka 1982, baada ya sahani za maabara kuachwa muda mrefu kuliko kawaida kwa sababu ya sikukuu ya Pasaka. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao, akapata uvimbe wa tumbo. Kiumbe huyo sasa anaitwa Helicobacter pylori. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilimtangaza kuwa kisababishi cha saratani, na mwaka 2005 Warren na Marshall walipewa Tuzo ya Nobel. Vidonda ambavyo vilihesabiwa kuwa matokeo ya wasiwasi na pilipili vilianza kutibiwa kwa antibiotiki.

Bakteria huyu anazitumia sukari za ute kama kishikizo. Mwaka 1993 Thomas Borén na wenzake walionyesha kuwa hushika alama ya Lewis b, yaani fukosi zile mbili zilizoelezwa na wachunguzi wa damu. Mwaka 1998 kundi lililofanya kazi Sweden lilitambua protini anayoshikia, iliyopewa jina BabA. Mwaka 2002 ikatambuliwa protini ya pili, SabA, inayoshika sukari zenye asidi ya siali. Sukari hizi za pili ni chache katika tumbo lenye afya, lakini huongezeka tumbo linapovimba. Uvimbe ambao bakteria ameusababisha humpa, kwa hiyo, mahali pengine pa kujishikiza.

Kwa mara ya kwanza ilionekana kuwa takwimu za miaka ya 1950 zinaweza kuelezwa. Lewis b ya mtu wa kundi O ni kishikizo kizuri, na sukari ya ziada ya kundi A ilionekana kumzuia bakteria. Utafiti uliofuata ulifanya maelezo hayo yawe magumu zaidi. Mwaka 2004 ilionyeshwa kuwa aina nyingi za bakteria huyu duniani hushika alama za kundi A kama zinavyoshika za O. Zile zilizopatikana kwa wenyeji asilia wa Amerika Kusini, ambao karibu wote ni wa kundi O, zilikuwa zimezoea O peke yake. Bakteria amejibadilisha kufuata sukari za watu anaoishi nao.

Uhusiano huo ni wa kale sana. Mwaka 2007 watafiti waliolinganisha jeni za bakteria hawa kutoka sehemu nyingi za dunia walihitimisha kuwa binadamu walikuwa nao tayari walipotoka Afrika, na kwamba walisambaa kutoka Afrika Mashariki miaka ipatayo 58,000 iliyopita. Kila jamii iliyohama ilikwenda na bakteria wake tumboni.

Sukari inayoua bakteria

Wataalamu wa Japani walikuwa wameona jambo jingine: Helicobacter pylori hujaa katika ute wa juu, wenye MUC5AC, lakini ni nadra kukutwa ndani ya tezi zinazotoa MUC6. Minyororo ya MUC6 huishia na sukari ambayo ni nadra kwingine mwilini, N-asetilglukosamini iliyoungwa kwa namna maalumu. Mwaka 1999 Jun Nakayama wa Chuo Kikuu cha Shinshu na wenzake walitambua jeni la kimeng'enya kinachoiunga.

Mwaka 2004 kundi hilo, pamoja na Minoru Fukuda wa California, lilichapisha matokeo yaliyobadili namna ya kuutazama ute. Sukari hiyo haimzuii bakteria kwa kumfungia njia tu. Humdhoofisha na kumuua. Bakteria huyu hawezi kujitengenezea kolesteroli, kwa hiyo huichukua kwa mtu na kuigeuza kuwa dutu anayoihitaji katika ukuta wake. Sukari ya MUC6 huvuruga kazi hiyo. Mwaka 2012 kundi la Nakayama lilionyesha kuwa panya walionyimwa kimeng'enya cha kuitengeneza hupata saratani ya tumbo hata bila ya bakteria. Sukari hiyo, basi, huzuia mkondo wa saratani kwa njia nyingine zaidi ya kuua vijidudu.

Hali ya elimu hiyo leo

Swali la Hunter sasa lina jibu lenye sehemu tatu. Musini, kwa sababu ya sukari zake, huunda tabaka tulivu lisilokatika kwa urahisi. Bikaboneti huizimua asidi ndani ya tabaka hilo. Seli za chini hutoa ute mpya na zenyewe hubadilishwa kila baada ya siku chache. Sehemu moja ikishindwa, tumbo huanza kujimeng'enya, kama Hunter alivyodhani kwamba hutokea baada ya kifo tu.

Jibu hilo limeongeza kazi kwa madaktari. Aina za Helicobacter pylori zisizotibika kwa antibiotiki za kawaida zimeongezeka duniani, na watafiti wanachunguza kama sukari zinazofanana na zile za ute zinaweza kumtenga bakteria na ukuta wa tumbo bila ya kumpa nafasi ya kuizoea dawa. Kazi hiyo inategemea moja kwa moja yale yaliyopatikana na Watkins, Morgan, Borén na Nakayama.

Kwa zaidi ya karne moja ute wa tumbo ulichukuliwa kuwa uchafu wa kuoshwa ili kuuona ukuta wenyewe. Historia yake inaonyesha kuwa kilichokuwa kikioshwa ndicho kinga, na kwamba nguvu ya kinga hiyo imo katika sukari ambazo wakemia wa zamani waliziona mapema kuliko madaktari walivyoona umuhimu wake.